Kitabu cha mapishi kinachopendwa hutambulika kwa madoa

Nyumba yenye vitabu vitatu vya mapishi kwa kawaida hutumia kimoja, na hakuna haja ya kuuliza ni kipi. Viwili viko kabatini sebuleni, majalada yanang'aa, na picha ya keki iliyo mbele haina hata alama ya kidole. Cha tatu kiko jikoni, juu ya friji au kando ya kopo la chumvi. Mgongo wake umeachia, kurasa mbili za maandazi zimegandana kwa unga, na ukurasa wa pilau una duara la mafuta pale mtu alipoweka mwiko huku akisoma. Hicho ndicho kinachofanya kazi.

Kwa nini hicho, na si vile vingine ambavyo huenda vilinunuliwa kwa bei kubwa zaidi? Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu kitabu cha mapishi kikikosea, hasara haimpati mwandishi. Inampata mama aliyenunua kilo mbili za nyama kwa ajili ya wageni wa Jumapili, au kijana aliyepanga chumba ambaye mtungi wake mdogo wa gesi unakaribia kwisha, au bibi arusi anayewapikia wakwe kwa mara ya kwanza. Chakula kikiharibika hakuna wa kurudisha fedha. Ndiyo maana mpishi wa nyumbani akishaangushwa na kitabu mara mbili hakifungui tena, hata kiwe na picha za kuvutia namna gani.

Wanaouza vitabu hawaoni hayo kwa urahisi, maana mnunuzi dukani hutazama picha. Lakini historia ina mifano mitatu ya vitabu vilivyoingia jikoni na kukaa humo kwa zaidi ya miaka 80, kimoja cha Italia na viwili vya Marekani. Vyote vitatu vilichapwa mara ya kwanza kwa fedha zilizotoka mfukoni mwa mwandishi. Na hakuna hata kimoja kilichopendwa kwa ajili ya picha.

Mjane wa St. Louis

Februari 1930, katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, mwanasheria Edgar Rombauer alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na sonona kwa vipindi virefu. Mkewe, Irma, alikuwa na miaka 52. Alikuwa na watoto wawili waliokwisha kuwa watu wazima, akiba ya wastani, na hakuwa na kazi ya kumwingizia kipato. Marekani nayo ilikuwa imeingia katika mdororo mkubwa wa uchumi, watu wakifutwa kazi na benki zikifungwa.

Irma akatangaza kwamba ataandika kitabu cha mapishi. Ndugu na marafiki walishangaa, kwa kuwa hakuwa na jina kama mpishi. Sifa yake ilikuwa nyingine: alijua kukaribisha wageni, alikuwa mcheshi, na alipozungumza watu walisikiliza. Alianza kukusanya mapishi kutoka kwa marafiki na jamaa, akayajaribu, akayapanga. Binti yake Marion alimsaidia kazi na kuchora picha za kitabu. Mwaka 1931 Irma alichukua kama dola 3,000 katika akiba yake, fedha nyingi kwa mjane wakati ule, akazipeleka kwa kampuni ndogo ya uchapaji ambayo ilizoea kuchapa lebo za kampuni za viatu na za dawa ya kusukutua kinywa. Zikatoka nakala 3,000 za kitabu alichokiita The Joy of Cooking, yaani Furaha ya Kupika.

Mwaka 1936 kampuni ya uchapishaji ya Bobbs-Merrill ya Indianapolis ilikitoa upya kikiwa kimepanuliwa, na tangu hapo hakijawahi kupotea madukani. Nakala zaidi ya milioni 18 zimeuzwa. Irma alifariki mwaka 1962, Marion akakiendeleza, kisha mwanawe, na toleo la mwaka 2019 limefanyiwa kazi na kitukuu wa Irma pamoja na mkewe.

Mtu asiyesifika kwa upishi aliwezaje kuwashinda wapishi wa hoteli na walimu wa sayansi kimu? Huenda hilohilo ndilo lililomsaidia. Mpishi hodari husahau mapema sana jinsi ilivyokuwa kutojua. Akiandika "kaanga kitunguu", haoni kwamba ameacha maswali matano nyuma: mafuta kiasi gani, moto gani, kitunguu kikatwe vipi, kikaangwe mpaka kiwe na rangi gani, na je, kikianza kushika chini? Irma aliyakumbuka maswali hayo kwa sababu alikuwa bado anajiuliza. Aliandika kama mtu aliyeketi jikoni na rafiki yake, akitania, akisema chakula hiki anakipenda na kile hakimvutii sana. Msomaji aliyekuwa peke yake jikoni alijisikia ana mwenzake.

Kisha kuna jambo la mpangilio, na hapa ndipo kitabu chake kilipoleta kitu kipya. Vitabu vingi huweka orodha ya mahitaji juu, halafu maelezo chini. Mpishi husoma hatua ya tatu, anapanda juu kutafuta ni nyanya ngapi, anashuka tena, anapoteza mstari, na kitunguu kinaungua. Katika toleo la 1936 Irma aliingiza kila kitu mahali kinapotumika. Kwa mchuzi wa nyama wa kawaida, mtindo wake ungekuwa hivi: pasha moto mafuta vijiko viwili vya chakula; tia kitunguu kimoja kikubwa kilichokatwa vipande vidogo, ukoroge mpaka kiwe cha rangi ya dhahabu; ongeza nyanya tatu zilizomenywa na kusagwa; na kuendelea. Anayepika anashuka na ukurasa kama anavyoshuka ngazi.

Mtindo huo una kasoro yake, maana anayetaka kwenda sokoni analazimika kusoma pishi zima ili ajue anunue nini. Lakini mwenye mikono yenye unga, ambaye anafungua kurasa kwa kiwiko, ataona faida yake mara moja. Kitabu cha jikoni husomwa kwa kuchungulia, mtoto analia, sufuria inachemka, na mtu anagonga mlango. Maandishi madogo yaliyobanana, au kurasa zinazojifunga zenyewe ukiachia mkono, ni kosa kubwa kuliko kukosa picha.

Kikombe cha nani?

Miaka 35 kabla ya Irma, mwanamke mwingine wa Marekani alipambana na tatizo ambalo jikoni za Afrika Mashariki zinalifahamu vizuri: kipimo. Fannie Farmer alipata kiharusi akiwa na miaka 16, masomo yake yakakatika, na akabaki akichechemea. Baadaye alijiunga na Shule ya Upishi ya Boston, akawa mkuu wake. Vitabu vya wakati wake vilikuwa vikisema siagi ya ukubwa wa yai, au kikombe cha unga, bila kueleza yai la kuku yupi wala kikombe gani. Mwaka 1896 Farmer alitoa kitabu chake na kusisitiza kwamba kikombe ni kikombe maalumu cha kupimia, kijiko ni kijiko cha kupimia, na vyote vijazwe kisha visawazishwe juu kwa kisu. Mchapishaji wake, Little, Brown, hakuamini kwamba kitauzwa. Alichapa nakala 3,000 tu, tena kwa gharama ya mwandishi. Kitabu kikaenea Marekani nzima.

Usahihi huo unaweza kuonekana kama ushamba kwa mtu aliyelelewa na bibi anayepika kwa kiganja na macho. Lakini bibi alikuwa na kiganja kilekile, sufuria ileile na jiko lilelile kwa miaka 40. Anayesoma kitabu chumbani Tabata au Kisauni hana kiganja cha bibi. Anachokuwa nacho ni kikombe cha chai, na vikombe vya chai havilingani hata ndani ya kabati moja. Kikombe cha kupimia cha Marekani kina mililita 240 hivi. Nchi zinazotumia mfumo wa mita huhesabu 250. Kijiko cha chakula ni mililita 15 katika vitabu vingi, lakini cha Australia ni 20. Kwenye mchuzi tofauti hiyo haidhuru. Kwenye keki, hasa katika hamira au baking powder, ndiyo inayoamua kama keki itainuka au itakaa chini kama chapati.

Unga una ujanja wake pia. Kikombe kilekile kikichotwa ndani ya mfuko na kushindiliwa huwa na unga mwingi kuliko kikijazwa taratibu kwa kijiko, na tofauti inaweza kufika gramu 30. Ndiyo sababu kitabu chema cha mapishi ya kuoka hutaja gramu kwanza, kikombe baadaye. Mizani ndogo ya jikoni si anasa tena. Kwa asiyekuwa nayo, kitabu kimwambie basi kikombe gani kimetumika, kwa mfano glasi ya kawaida ya maji iliyojazwa mpaka wapi.

Vipimo vya nyumbani si adui. Pishi na kibaba (pishi hili ni la kupimia, si la kupika) vilihudumia pwani yote kwa vizazi vingi kwa sababu kila mtu alijua kwamba pishi moja ni vibaba vinne. Kopo na sado sokoni vinafanya kazi hiyohiyo leo. Tatizo huanza pale mwandishi anapotaja kipimo ambacho ni yeye tu anayekijua. "Nazi mbili" ni mfano mzuri. Nazi mbili kubwa zilizokunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu hutoa tui ambalo halifanani kabisa na la nazi mbili ndogo zilizokauka. Afadhali mwandishi aseme vikombe vingapi vya tui zito na vingapi vya tui jepesi. Hapo hata anayetumia tui la kopo la mililita 400 atajua afanyeje.

Bizari ipi, moto upi

Hata kipimo kikiwa sahihi, jina linaweza kupotosha. Mtu wa Unguja akisoma "kotmiri" anajua anachotafuta. Wa Morogoro anaita giligilani. Wa Nairobi anaita dania. Bizari ndiyo balaa. Kuna bizari nyembamba inayotiwa kwenye pilau, kuna bizari ya mchuzi iliyosagwa na kuchanganywa, na kuna binzari ya manjano ambayo wengine huiita manjano tu. Kitabu kinachoandika "bizari kijiko kimoja" na kupita kimemwacha msomaji wa mji mwingine atie manjano kwenye pilau, kisha ashangae mbona haina harufu ya pilau aliyoizoea. Kueleza jina kwa maneno mengine mawili hakugharimu hata mstari mmoja.

Mchele nao ni uleule kwa jina tu. Mchele mpya uliotoka kuvunwa hunywa maji kidogo. Uliokaa muda mrefu huhitaji zaidi. Anayefuata kitabu neno kwa neno kwa mchele mpya wa Kyela atapata bokoboko, atajilaumu bure, na mama mkwe atasema binti hajui kupika wali. Kitabu kinachosema "anza na vikombe vitatu vya tui, ukiona wali ni mgumu ongeza robo kikombe cha maji ya moto" kimemwokoa mtu.

Halafu kuna moto. Vitabu vingi vinavyofika maduka ya Dar es Salaam na Nairobi vimeandikwa kwa ajili ya jiko lenye vipimo vya joto. Vya Marekani hutumia Fahrenheit: nyuzi 350 zao ni kama 180 za Selsiasi. Si keki moja wala mbili zilizoungua kwa sababu mpishi alizungusha kitufe cha oveni mpaka mwisho akitafuta 350. Na nyumba nyingi hazina oveni kabisa. Keki inaokwa ndani ya sufuria kubwa iliyotiwa mchanga, sufuria ndogo juu yake, makaa machache yakiwekwa juu ya mfuniko. Ni ufundi halisi wenye kanuni zake: mchanga upashwe moto kwanza, makaa ya juu yazidi ya chini kuelekea mwisho ili uso upate rangi, mfuniko usifunguliwe mapema. Ajabu ni kwamba vitabu vinavyoeleza ufundi huo kwa makini ni vichache kuliko vinavyoeleza namna ya kupamba keki ya tabaka tatu.

Hata mwinuko wa mahali unabadili mambo. Dar es Salaam na Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, ambayo iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Mbeya ni karibu vilevile. Maji yanatokota kama kawaida lakini hayana joto lilelile, kwa hiyo maharage yaliyoiva Tanga kwa saa moja na nusu yatadai muda zaidi na kuni zaidi huko juu. Mtu aliyehamishwa kikazi kutoka pwani kwenda nyanda za juu hudhani maharage ya huko ni mabovu. Kitabu kingemweleza kwa sentensi moja, au kingemshauri ayaloweke usiku kucha.

Kwa kuwa moto haulingani, saa pekee haitoshi. Anayeandika "kaanga kwa dakika tano" anazungumzia jiko lake mwenyewe. Anayeandika "kaanga mpaka nyanya zipondeke na mafuta yajitenge pembeni" anazungumzia kila jiko, la mkaa, la gesi, la umeme na la kuni. Wapishi wa zamani walifundisha hivyo, kwa macho, pua na masikio. Kitunguu cha pilau kikikaribia kuungua harufu hubadilika. Chapati iliyo tayari kugeuzwa huvimba malengelenge madogo. Unga wa maandazi uliokandwa vya kutosha haunati tena kwenye bakuli, na ukiubonyeza kwa kidole hurudi taratibu. Ishara kama hizo ndizo msomaji anazozitafuta anapoinama juu ya ukurasa, na mahali hapo picha moja ya kitonge cha unga ingefaa kuliko picha kumi za chakula kilichokwisha kupakuliwa.

Vivyo hivyo kwa makosa. Kitabu kinachoamini kwamba kila kitu kitakwenda sawa hakijawahi kuingia jikoni. Tui likikatika kwa moto mkali, mchuzi bado unafaa kuliwa, na safari ijayo moto upunguzwe na tui zito liingie mwisho. Ugali ukiwa na madonge, chumvi ikizidi kwenye mchuzi, wali ukishika chini: mpishi anataka kujua kama aendelee au aanze upya. Akijibiwa papo hapo, imani yake kwa kitabu inaongezeka kuliko pishi lingetoka vizuri tangu mwanzo.

Jina la mwenye pishi

Kitabu cha tatu kati ya vile vilivyotajwa ndicho cha zamani zaidi. Pellegrino Artusi alizaliwa Forlimpopoli, Italia, mwaka 1820, akafanya biashara Florence hadi alipostaafu. Mwaka 1891, akiwa na miaka 71, alichapa kwa fedha zake kitabu kuhusu sayansi ya jikoni na ustadi wa kula vizuri, nakala 1,000. Wachapishaji walikuwa wamekikataa. Mji wake wa kuzaliwa ulipofanya tamasha, alituma nakala mbili zitolewe kama zawadi za bahati nasibu. Walioshinda hawakujua wavifanyie nini, wakaviuza kwa mwenye duka la tumbaku.

Kisha kina mama wakaanza kumwandikia barua. Walimtumia mapishi ya mikoa yao, walimsahihisha, walimuuliza. Alivijibu na kuviingiza katika matoleo yaliyofuata, hata kitabu kilichoanza na mapishi 475 kikawa na 790 kabla ya kufariki kwake mwaka 1911. Kati ya mapishi aliweka hadithi. Katika pishi la supu ya mboga anasimulia jinsi mwaka 1855 alivyokula supu hiyo katika mkahawa mjini Livorno, tumbo likamsumbua usiku kucha, akailaumu supu na kuondoka. Siku chache baadaye akasikia kipindupindu kimeingia mjini na kimemuua mwenye nyumba alimolala. Hadithi hiyo haifundishi kupika supu, lakini msomaji aliyeicheka na kuihuzunikia hasahau ukurasa wake.

Artusi hakuwa peke yake jikoni. Aliyekuwa akiyajaribu mapishi nyumbani kwake ni Marietta Sabatini, pamoja na mpishi Francesco Ruffilli. Marietta ana keki yenye jina lake ndani ya kitabu, na Artusi alipofariki aliwaachia wawili hao haki za mapato ya kitabu chake. Ni jambo la nadra. Mapishi mengi duniani yamechapwa bila kutaja mwanamke aliyeyatoa kichwani mwake.

Afrika Mashariki ina mfano wa upande wa pili. Mwaka 1928 chama cha wanawake wa kanisa la St. Andrew's la Nairobi kilitoa kitabu cha mapishi na utunzaji wa nyumba kwa ajili ya walowezi wa Kenya, kikachapwa tena na tena. Katika nyumba nyingi za walowezi, mpishi alikuwa mwanamume Mwafrika. Aliyeshika kitabu hakushika mwiko, na aliyeshika mwiko hakuandikiwa kitabu. Kwa kazi yake, ya kumwezesha bibi mwenye nyumba kutoa maagizo, kitabu kilitosha. Lakini si kitabu ambacho mpishi mwenyewe angekifungua kwa furaha.

Miaka ya karibuni mambo yamegeuka. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, zilitoa kitabu cha mapishi ya kawaida ya Kenya chenye vipimo na virutubisho vya kila chakula. Ni kazi muhimu, hasa kwa wauguzi na walimu wa lishe, ingawa hakina maongezi. Mwaka 2020 Hawa Hassan, mzaliwa wa Somalia anayeishi Marekani, akishirikiana na Julia Turshen, alitoa In Bibi's Kitchen. Kimekusanya mapishi ya kina bibi kutoka nchi nane za upande wa Bahari ya Hindi, zikiwemo Kenya, Tanzania, Somalia, Msumbiji na Visiwa vya Komoro. Kila bibi ametajwa, amepigwa picha na amehojiwa, na maneno yake yamewekwa pamoja na pishi lake. Kimeandikwa kwa Kiingereza, jambo linalowaacha nje kina bibi wengi wa aina ileile waliomo ndani yake. Bado ni hatua.

Kwa familia nyingi, hata hivyo, kitabu kinachopendwa kuliko vyote hakijawahi kuchapwa. Ni daftari la shule lenye mstari wa mapishi ya shangazi, karatasi iliyokunjwa ya achari ya maembe, na kipande cha gazeti kilichobandikwa kwa uji wa unga. Binti akiolewa mbali huliomba, na dada zake hugombana nani abaki nalo. Pale ambapo daftari halipo, kila kitu kimo kichwani mwa bibi mmoja wa miaka 80, na hakuna anayejua amebakiza miaka mingapi ya kusimama jikoni.

Kuyatoa mapishi hayo kichwani ni kazi yenye ujanja wake, kwa sababu bibi akiulizwa kiasi atajibu "kiasi tu". Hapaswi kuulizwa. Mjukuu apime bakuli la unga kwenye mizani kabla bibi hajaanza, amwache achote anavyotaka, kisha apime kilichobaki. Kilichopungua ndicho kipimo. Afanye hivyo kwa sukari, samli na tui. Hiliki na chumvi, ambazo bibi humwaga kwa vidole, akinge kijiko kabla hazijafika sufuriani, na bibi atamcheka. Pishi hilohilo likipikwa mara mbili kwa siku tofauti, tarakimu hazitalingana, na zote mbili ziandikwe. Maneno ya bibi nayo yaandikwe kama alivyoyasema, hasa anapokaripia, maana mara nyingi karipio ndilo ishara yenyewe: anaposema moto umezidi, mjukuu atazame sufuria ina nini wakati huo.

Kisha jina lake liandikwe juu ya pishi, na mji alikojifunzia, na nani alimfundisha. Chini ya kila pishi zibaki mistari mitatu mitupu, kwa yule atakayepika kesho akaona mchele wake unataka maji zaidi. Na itumike kalamu ya risasi. Wino wa kalamu nyingi hutawanyika ukipatwa na mvuke wa sufuria au tone la tui; risasi hubaki.